Maji ya Shombo

Paka hajui utamu. Si kwamba anauchukia, haujui kabisa. Mwaka 2005 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba paka ana kasoro katika jeni iitwayo Tas1r2, moja kati ya jeni mbili zinazoshirikiana kutengeneza kipokezi cha utamu kwenye ulimi. Kwa paka jeni hiyo ni kama taa iliyoungua: ipo, lakini haiwaki. Walipowapima duma na chui milia wakakuta hali ni ileile. Ukimwekea paka bakuli la maji matupu na bakuli la maji ya sukari, kwake yote ni maji.

Nilipomweleza Bibi habari hii alikuwa uani anachambua mchele. Hakuinua uso kwenye ungo.

"Haya," akasema. "Na kisukari kakipatia wapi huyu, naye hata halua haijui?"

"Huyu" ni Shombo, shume wa rangi ya majivu aliyehasiwa zamani, mwenye miaka 11 wakati huo. Bibi alimpa jina hilo siku alipomwokota akiwa kitoto, ananuka kapu la muuza samaki. Bibi mwenyewe ana kisukari, huu ni mwaka wa 14. Mimi naishi naye Magomeni tangu nilipoanza shahada ya uzamili katika rasilimali za maji. Kwa hiyo nina wagonjwa wawili wa maradhi mamoja chini ya paa moja: mmoja huniita "mke mwenzangu", kama mabibi wa pwani wanavyowatania wajukuu zao wa kike, na mwingine huniita saa nane za usiku kwa sababu bakuli lake limekauka.

Ni Bibi aliyeugundua ugonjwa wa Shombo, tena bila kipimo. Shombo alikuwa na beseni lake la mchanga kwenye kona ya ua. Mchanga niliokuwa nikiubadilisha kila baada ya siku tatu ukawa unaloa chapachapa kwa siku moja. Alikuwa anakula kuliko zamani, na anakonda. Miguu yake ya nyuma ilikuwa imebadilika pia: badala ya kutembea kwa ncha za vidole, kama paka anavyotembea, alikuwa anakanyaga kwa kisigino kizima, kama mtu aliyevaa ndala za mtu mwingine. Jirani akasema ni uzee. Kisha asubuhi moja Bibi akaona sisimizi. Walikuwa wamepanga mstari mmoja kutoka kwenye ufa wa ukuta hadi kwenye beseni la mchanga. Akasimama akiwatazama kwa muda mrefu, mkono kiunoni.

"Huyu ana ugonjwa wangu," akasema.

Kipimo cha sisimizi ni cha kale sana. Matabibu wa India ya zamani waliandika juu ya mkojo unaovutia sisimizi, na ugonjwa wenyewe wakauita kwa jina la asali. Bibi hakuyasoma hayo popote. Aliyasikia kwa mama yake.

*

Mtaani kwetu hatuna daktari wa wanyama. Tuna daktari wa mifugo. Jina lenyewe linakwambia nani alitarajiwa kufika pale. Kwenye benchi la kliniki niliketi kati ya kijana mwenye boksi la kuku wa mayai na mzee aliyeleta mbwa wa ulinzi kuchanjwa kichaa. Mimi nilikuwa na kapu la kwendea sokoni, na ndani ya kapu mkia.

"Anatapika?" mzee akaniuliza kwa heshima.

"Hapana, mzee wangu. Tunadhani ni sukari."

Akanyamaza. Akamtazama mbwa wake, kisha akalitazama kapu. "Ya paka," akasema. Halikuwa swali, wala sikuwa na jibu.

Daktari alikuwa dada mmoja mtulivu. Alimtoboa Shombo ukingo wa sikio, akapata tone la damu, kipimo kikasoma 26. Sukari ya paka mwenye afya haifiki hata theluthi ya hapo. Lakini hakutosheka, kwa sababu paka akiogopa tu sukari yake hupanda, na Shombo alikuwa ametoka kusikia mbwa akibweka karibu na kapu lake. Akapima na mkojo. Sukari ilikuwamo, ketoni hazikuwamo. Hilo la pili lilimfanya ashushe mabega. Ketoni ni masalia ya mafuta yanayochomwa na mwili ulioshindwa kutumia sukari. Zikirundikana, damu huwa na tindikali, mgonjwa hutapika, huacha kula, na hufa kwa siku chache asipowahiwa. Shombo alikuwa bado anakula, na hiyo, alisema, ndiyo habari njema ya siku hiyo.

Kisha akashika ngozi ya Shombo katikati ya mabega, akaivuta juu na kuiachia. Ngozi ilirudi polepole, kama shuka. Akamfunua mdomo, akagusa fizi: zilikuwa zinanata. Akamtundikia maji, sindano ikiingia chini ya ngozi badala ya kwenye mshipa. Baada ya dakika chache Shombo alikuwa na nundu kama ng'ombe, na nundu ikateremka taratibu kuelekea begani, maji yakitafuta pa kwenda.

"Anakunywa maji mengi hivyo, na bado amekauka?" nikauliza.

"Anakunywa kwa sababu amekauka," akasema.

*

Sentensi hiyo niliielewa kwa njia ya darasani. Katika fani yangu kitu cha kwanza unachofundishwa ni mizania ya maji: yaliyoingia, toa yaliyotoka, ndiyo badiliko la yaliyobaki. Mto Ruvu hauna siri nyingine, wala mwili hauna. Figo huchuja damu na kuirudisha sukari mwilini, lakini uwezo wao una kikomo, kama bwawa lenye njia ya kumwagia maji ya ziada. Kwa binadamu kikomo kiko karibu na 10 kwenye kile kipimo cha kawaida. Kwa paka kiko juu zaidi, karibu na 15. Ikipita hapo, sukari humwagikia kwenye mkojo, na sukari haisafiri peke yake: huvuta maji. Kila gramu inayotoka huondoka na maji yake. Paka hunywa ili kulipa deni ambalo hakulikopa.

Ndiyo maana ushauri wa kwanza tulioupata mtaani ulikuwa ndio wa hatari kuliko yote. "Mnyimeni maji usiku," jirani alituambia, kwa nia njema kabisa, "ataacha kukojoa hovyo." Anaona mchanga umeloa, anadhani tatizo ni maji. Lakini ukimnyima maji paka wa namna hii, mkojo hauachi kutoka; sukari itaendelea kuyavuta maji, safari hii kutoka kwenye damu na kwenye nyama. Kiu ndicho kitu pekee kilichokuwa kikimfanyia Shombo kazi.

Na paka hana kiu ya kubahatisha. Wazee wake ni paka mwitu wa nchi kavu za Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati, walioishi kwa maji yaliyomo ndani ya windo na wakawa na figo za kukamua mkojo mpaka uwe mzito. Paka mwenye afya hunywa kidogo sana hata ukimwekea bahari. Paka anayekimbilia bakuli kila saa anasema jambo.

Bibi hakuhitaji mizania yangu. Jirani alipokwisha kuondoka alinisimulia habari ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume, ambaye alimiminiwa maji ya kutawadha, paka akaja, naye akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa akatosheka. Mwanamke aliyemmiminia akashangaa. Abu Qatada akamweleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni katika wanaowazungukazunguka majumbani mwenu. Kisha Bibi akanikumbusha na ile nyingine, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutia. "Kwa hiyo hapa," akasema, akiashiria ua mzima kwa kidole, "maji hayakauki."

*

Nilianza kupima. Nilikuwa na mabakuli mawili ya udongo yanayolingana. Moja nililijaza mililita 500 nikamwekea Shombo, mbali na chakula na mbali na beseni la mchanga, maana paka wengi hawapendi kunywa mahali wanapolia wala wanapojisaidia. La pili nalo nililijaza mililita 500, nikalifunika wavu wa waya asiweze kulinywea, nikaliweka kandokando. Vituo vya hali ya hewa vina sufuria pana ya kupimia uvukizi. Hilo lilikuwa sufuria langu. Joto la Dar es Salaam hunywa pia, na sikutaka kumsingizia Shombo maji yaliyonywewa na jua.

Asubuhi ya kwanza bakuli lake lilikuwa limepungua mililita 455, la pili mililita 20. Kwa hiyo Shombo alikuwa amekunywa mililita 435, naye alikuwa na kilo 4.2. Daktari alinipa mpaka wa kukumbuka: paka akipita mililita 100 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, hiyo si kiu ya kawaida. Shombo alikuwa amepita. Nikaandika kwenye daftari: tarehe, uzito, aliyokunywa, alichokula, mchanga umeloa kiasi gani, amelala wapi. Bibi alilitazama daftari akatikisa kichwa.

"Mimi huyo wa kliniki hanijui hivyo," akasema.

Aliyasema kwa utani, na sikucheka. Kadi ya kliniki ya Bibi ilikuwa kwenye droo ya kabati, chini ya kanga za sikukuu, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa humo ilikuwa ya miezi saba nyuma. Siku hiyo ya mwisho alikuwa ameambiwa kwamba vidonge havitoshi tena, aanze sindano. Akarudi nyumbani, akaiweka kadi pale, akafunga droo. Mtaani kwetu wengi wanaamini kwamba insulini ni stesheni ya mwisho: ukianza sindano, jiandae. Dada yake alianza sindano, akakatwa mguu, akafa. Kwamba mguu ulikuwa umeoza kabla ya sindano kuanza ni jambo ambalo nililisema mara moja, na halikusikika. Kila nilipotaja kliniki aliniambia ana miadi na Mungu.

*

Chakula kilituchukua muda mrefu kuliko dawa. Shombo alikulia kwenye ugali na dagaa, wali uliobaki na mchuzi, ncha za chapati. Ndivyo paka wengi wanavyoishi nchini kwetu. Nilipoanza kipato cha kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza nikawa namnunulia na zile punje kavu za dukani, zenye picha ya paka mnene mwenye furaha. Daktari aliigeuza pakiti akanieleza: punje haiwezi kushikana bila wanga, na maji yaliyomo ni kama asilimia 10 tu. Nyama na samaki wabichi wana maji kiasi cha asilimia 70 na zaidi, na wanga karibu hakuna. Paka ni mla nyama hasa, si kwa kupenda bali kwa maumbile. Ini lake limezoea kutengeneza sukari kutokana na protini, na halina haraka ya kushughulikia wanga mwingi unaokuja kwa mpigo. Ukichanganya wanga, unene, uzee na uume, unapata kisukari kinachofanana sana na kile cha pili cha binadamu: kongosho bado lipo, bado linajitahidi, lakini mwili umeacha kulisikia.

Hilo ndilo lilikuwa jibu la swali la Bibi juu ya halua. Nilipompelekea alilitafakari. "Kumbe ni ugali," akasema. "Mimi nao waliniambia ugali." Kisha akaongeza, "Lakini mimi ladha naijua, ndiyo shida yangu."

Vyakula vya makopo vya paka mwenye kisukari ni ghali, na wiki nyingine havipatikani. Kwa hiyo tulikaa na daktari tukapanga chakula cha nyumbani. Asubuhi sana nikitoka mapema napita Feri kununua vibua au vichwa vya changu. Siku nyingine ni nyama ya paja la kuku, mioyo ya kuku kwa ajili ya taurini ambayo paka hawezi kuishi bila hiyo, na kipande kidogo cha ini, kidogo kweli, kwa sababu ini likizidi vitamini A huwa sumu. Samaki hupikwa, maana wabichi wa aina nyingine huharibu vitamini B1 mwilini. Miiba hutolewa yote. Nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha, kwa hiyo kuna unga wa ganda la yai na unga wa vitamini, vyote kwa kipimo cha daktari. Dagaa wakavu wana chumvi. Wakitumika huchemshwa na maji hayo humwagwa.

Vita ilikuwa kwenye kitunguu. Bibi hajawahi kuchemsha samaki bila kitunguu, swaumu na ndimu tangu alipoolewa. Kitunguu na kitunguu swaumu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, hata kikiwa kimepikwa, hata ikiwa ni supu tu iliyochujwa. Nilimwambia. Akaonja mchuzi mweupe wa Shombo kwa ncha ya kijiko, akafumba macho. "Maskini," akasema, "kweli anaumwa." Lakini sufuria la Shombo likawa na alama ya uzi mwekundu kwenye mkono, na tangu hapo hakuna kitunguu kilichoingia humo.

Kila mlo nilipima gramu 90, asubuhi na jioni, na juu yake vijiko vitatu vya supu ile nyeupe, ikiwa vuguvugu ili inukie. Ndani ya gramu 180 hizo kulikuwa na maji zaidi ya mililita 120 ambayo Shombo aliyala bila kujua kwamba anakunywa. Maziwa hatukumpa, ingawa kila mgeni aliuliza. Paka mzima wengi hawayawezi, yakawaharishia, na kuharisha ni maji mengine yanayopotea.

*

Sindano ilikuwa saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Ratiba hiyo ni kama ilitungwa kwa Kiswahili: kwetu jua huchomoza na kuzama karibu na saa hizo mwaka mzima, na adhana mbili hazikuruhusu usahau. Daktari alimwandikia insulini ya watu, glargine, akaanza na yuniti 1, baadaye 2. Alinionya juu ya bomba la sindano kwa ukali kuliko kitu kingine chochote. Insulini nyingine za wanyama zina yuniti 40 kwenye mililita, za watu kwa kawaida zina 100, na bomba huchorwa mistari kufuata chupa yake. Ukitumia bomba la 40 kwenye chupa ya 100, umempa mara mbili na nusu. Na sheria iliyotangulia zote: kwanza anakula, ndipo anachomwa. Asipokula, usimchome kama kawaida, piga simu. Sukari ikishuka mno ataanza kuyumba, atalegea, pengine atakakamaa, na hapo unampaka asali kwenye fizi huku unakimbia kliniki. Asali ambayo hajui ladha yake.

Umeme ulipokuwa ukikatika mchana kutwa, wasiwasi wangu ulikuwa chupa ile. Insulini iliyofunguliwa huvumilia nje ya friji kwa majuma kadhaa ikiwa joto halipiti nyuzi 30, na Januari ya Dar es Salaam hupita. Bibi alinisikiliza nikihangaika, akaingia chumbani mwake akatoka na mtungi mdogo wa udongo. Aliuzika hadi shingoni kwenye beseni la mchanga mbichi, akaning'iniza chupa ndani kwa kitambaa, akafunika kwa kifuu. Fizikia yake naijua: maji hupita kwenye vinyweleo vya udongo, huvuka, na yanapovuka huondoka na joto. Lakini mimi niliyesoma uvukizi kwa miaka mitano sikuuwaza mtungi. Shombo akaanza kuulamba kwa nje, pale unapotoa jasho. Akaupenda kuliko bakuli.

Jirani yuleyule wa kumnyima maji alikuja jioni moja akanikuta na bomba mkononi. Alitazama mpaka mwisho. "Dawa hiyo," akasema, "kuna watu hawaipati." Hakuwa na hasira. Kaka yake alikufa kwa kisukari akiwa Kigoma, kijijini, kabla hawajapata gari.

Nilikuwa na hesabu tayari. Yuniti 4 kwa siku ni kidogo. Mtu mzima mara nyingi hutumia zaidi ya hapo kwa mchomo mmoja. Chupa niliyoinunua haikutoka mkononi mwa mgonjwa yeyote. Lakini hesabu hiyo sikuitamka, kwa sababu hakuwa ananiuliza juu ya chupa. Alikuwa anauliza kwa nini gari lilikuwepo la kumleta paka kliniki. Hilo ni swali la haki, na kumwacha Shombo afe kwa kiu kusingelijibu. Nilimkaribisha chai. Akanywa, na kabla ya kuondoka akamkuna Shombo kichwani kwa kidole kimoja.

*

Mwezi wa nne wa matibabu nilitakiwa kwenda Morogoro kwa siku tisa, kwenye vijito vinavyoshuka kutoka Uluguru, kupima kina na kasi ya maji kwa ajili ya tasnifu. Nilitafuta mtu wa kumchoma Shombo. Nilikuwa nimeshampata mwanafunzi mmoja wa udaktari wa mifugo Bibi aliposema, "Umtoe mtu kwake kwa ajili ya paka wangu? Nionyeshe."

Macho yake hayaoni tena mistari ya bomba. Ni kisukari hichohicho. Tukapanga hivi: mtoto wa jirani, wa kidato cha pili, atavuta dawa hadi mstari wa pili na kuusoma kwa sauti, na Bibi atachoma. Nilimwonyesha jinsi ya kuinua ngozi ya ubavuni iwe kama hema dogo, kuingiza sindano chini ya hema, kusukuma, kutoa. Alifanya mazoezi kwenye chungwa. Kisha akamfanyia Shombo, ambaye alikuwa ameinamia samaki wake na hakuinua hata sikio.

Bibi akabaki na bomba tupu mkononi. "Kumbe ndiyo hii?" akasema. Aliligeuza akaitazama sindano kwa karibu, kisha kwa mbali. "Hii hii?"

"Hii hii, Bibi."

Hakusema zaidi.

Siku ya tatu jioni nilikuwa kando ya kijito, nimelowa mpaka mapajani, simu ikaita. "Hajala," Bibi akasema. "Sijamchoma. Nimempigia daktari wake, kasema nimtazame, nimwangalie anavyotembea, nimpe tena baada ya saa moja." Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko yangu. Saa moja na nusu baadaye akapiga tena, akicheka. Mtoto wa jirani alikuwa amekuta mkia nyuma ya mtungi. Shombo alikuwa amekula panya. Nikampigia daktari, naye akacheka pia: panya, akasema, ni maji sehemu kubwa, yaliyobaki ni protini na mafuta kidogo, na wanga karibu hakuna. Miezi minne tulikuwa tunajitahidi kutengeneza panya kwa vibua na mioyo ya kuku.

Niliporudi, daftari lilikuwa limejazwa na mwandiko wa mtoto, kila mstari ukiwa na mililita. Kadi ya kliniki haikuwa kwenye droo. Ilikuwa juu ya meza, imewekewa kikombe isipeperuke. Bibi aliniambia amekwenda na jirani, wamemwanzishia sindano moja ya usiku, na kwamba muuguzi alitaka kumfundisha kuchoma, naye akamwambia, "Mwanangu, mimi ni fundi."

*

Wapo paka ambao wakiwahiwa kwa insulini na chakula cha wanga kidogo, kongosho hupumzika, na wakaacha sindano kabisa. Shombo hakuwa mmoja wao. Alishuka kutoka yuniti 2 hadi 1 akagota hapo. Ana miaka 12 sasa, na kipimo cha mwisho kinaonyesha figo zimeanza kuchoka, kwa hiyo maji ni muhimu kuliko mwaka jana. Lakini anatembea kwa vidole tena, karibu. Amerudisha nusu kilo, na ile kiu ya usiku wa manane imekwisha; kwa bakuli hunywa mililita 60 kwa siku, mengine huyapata kwenye chakula na kwenye jasho la mtungi. Sisimizi hawajaonekana.

Ramadhani ya mwaka juzi Bibi alifunga. Siku ya tisa tulimkuta amekaa kwenye sakafu ya jikoni, jasho linamtiririka, kijiko mkononi, hajui kwa nini amekishika. Ramadhani ya mwaka jana tuligombana naye mwezi mzima. Mwaka huu, baada ya daktari wake kumkataza na sheikh wa msikitini kukubaliana na daktari, alitoa fidia: kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku aliyokula. Vibaba 30 ni pishi saba na nusu. Aliupima mchele mwenyewe uani, akihesabu kwa sauti, na kila kibaba alikiacha na kilele, hakukisawazisha kwa kiganja.

Nilikuwa pembeni yake, napima bakuli la Shombo.

"Kanywa ngapi leo?" akauliza.

"Sitini na tano."

Akanyamaza akihesabu mchele. Alipofika kibaba cha 12 akasimama, ili asipoteze hesabu.

"Niandikie na mimi," akasema. "Glasi sita. Asubuhi kipimo kilisema nane."

Nikachora mstari katikati ya ukurasa, juu upande wa kulia nikaandika Bibi.